Simu ya Zamani: Tununue ama Tuache?

Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama, Baraka, kwenye mkutano wa mikopo

Komite imetuomba sisi tunaopita vijijini, toka Mboko mpaka Kazimia, tuseme juu ya neno moja ambalo limeleta mabishano kwenye kasha letu. Maombi ya mkopo yanaingia, na safari hii mengi hayasemi mbuzi, hayasemi nyavu wala muhogo wa kuuzisha. Yanasema simu. Tena si simu mpya ya dukani, ni simu ya Android iliyokwisha tumiwa na mwingine.

Wazee wamesema simu haizai. Ukimkopesha mutu mbuzi, baada ya mwaka utaona watoto wa mbuzi. Ukimkopesha simu, baada ya mwaka utaona kioo kilichopasuka. Vijana wamejibu kwamba siku hizi bei ya ndagala inajulikana kwa simu kabla mtumbwi haujafika ufukoni. Pande zote mbili wana haki, na mkutano uliopita ulikwisha bila jibu. Feza iliyomo kasha ni ya watu waliokula mara moja kwa siku ili waiweke, kwa hiyo si neno la kuamua kwa kelele.

Kabla ya kwenda mbele, tuelewane lugha kidogo. Kwa waliobaki hapa, kusema "nauza telefone" ni kutoa feza uipate. Kwa waliokaa Lugufu ama Nyarugusu, mutu akisema "nauza simu" wanamkaribia na feza mkononi. Tumekwisha ona watu wawili sokoni, kila mmoja akingoja mwenzake atoe makuta. Basi leo tutasema kununua na kuuzisha, tusikosane.

Bon. Jibu letu tunalitoa sasa hivi, msingoje mwisho. Simu ya zamani bado inafaa kununuliwa, lakini bei si kitu cha kwanza cha kuuliza. Cha kwanza ni hiki: imebakiza miaka mingapi? Wengi wanatazama kama kioo ni kizima na kamera inapiga picha safi. Simu haifi hivyo. Inaweza kuwaka, ikang'aa, ikapiga muziki, na huku kwa kazi uliyoitakia imekwisha kufa zamani.

Inakufaje? Programu zinasonga mbele na kuiacha nyuma. WhatsApp, ambayo ndiyo sababu ya kwanza ya karibu kila ombi tulilosoma, haikubali tena simu zenye Android 4. Mei 2025 iliacha pia iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus. Hizo iPhone bado zinaonyeshwa sokoni, zimepanguswa, zimevalishwa kava mpya, na kijana anaona lile tofaa nyuma yake roho inaruka. Ukimpigia anaitika, lakini WhatsApp hawezi kuipata. Chrome, ile wengi wanayofungulia intaneti, katika 2025 iliacha kuletewa mapya kwa Android 8 na 9. Haimaanishi kwamba itazimika kesho. Inamaanisha haitengenezwi tena kwa ajili ya simu hizo, na matundu ya usalama yakionekana hakuna wa kuyaziba.

Kuna na ugonjwa mwingine ambao watu hawaujui jina. Simu za Android 7.0 kwenda chini, ukitaka kufungua tovuti, mara nyingi zinakuambia "si salama" na kukataa. Watu wanadhani mtandao umeoza. Mtandao hauna kosa. Kila simu inabeba ndani yake orodha ya vyeti inavyoviamini, kama askari wa kizuizi mwenye karatasi ya mihuri ya zamani: ukimletea muhuri mpya anakurudisha. (Lakini mutazame kwanza tarehe. Batri ikiisha kabisa, simu nyingine zinarudi mwaka wa nyuma sana, na tarehe mbaya inaleta maneno yaleyale. Rekebisha tarehe kabla ya kumlipa fundi.)

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, ingia kwenye mipangilio, shuka mpaka chini kabisa panaposema juu ya simu yenyewe, usome namba ya Android. Kwa leo, sisi tunawashauri msichukue iliyo chini ya Android 10. Android 8 na 9 zinaweza kukubaliwa kama bei ni ndogo kweli na mtu anajua kwamba anakodi muda tu. Chini ya hapo, acha. Usome pia nafasi: simu yenye giga 8 za kuhifadhia itajazwa na video za makanisa na za harusi katika miezi miwili, kisha itakataa hata ujumbe wa sauti. Giga 16 ni kidogo, 32 ndiyo inaanza kupumua. Na namba zinazoandikwa kwenye mipangilio nazo zinaweza kuwa za uongo. Kuna simu za bandia zinazojitangaza giga 256 na ndani hamna. Bei ikiwa tamu kupita kiasi, mwite fundi.

Sasa tupige hesabu, maana kasha ni hesabu. Tuseme kuna simu ya dola 30, Android 7, na fundi anasema kwa WhatsApp haitafika mwaka. Tuiwekee miezi 10. Hiyo ni dola 3 kwa mwezi. Pembeni iko nyingine ya dola 60, Android 12, ambayo mtu akiichunga inaweza kumfikisha miaka mitatu. Hiyo ni miezi 36, chini ya dola 2 kwa mwezi. Ile ya bei ndogo ndiyo ghali. Tumefanya hesabu hii na vijiti chini kwenye udongo pale Sebele, na mama mmoja akasema ni kama sabuni: kipande kidogo cha bei rahisi kinaisha kabla nguo hazijaisha.

Batri nayo inaingia kwenye hesabu hiyo. Hapa kwetu wengi hawana umeme nyumbani, wanalipa kwenye nyumba za kuchaji zenye sola. Batri za lithiamu zinachoka kila zinapochajiwa. Apple yenyewe inasema batri za iPhone mpaka zile za namba 14 zilitengenezwa ili zibaki na asilimia 80 ya nguvu baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, ndiyo kusema karibu mwaka mmoja na miezi minne kwa anayechaji kila siku. Simu ya miaka sita imepita hapo mara kadhaa. Ukinunua simu ambayo asubuhi imejaa na saa sita imezima, utalipa kuchaji mara mbili kwa siku. Tuseme kila safari ni franka 500: ni 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi. Mkopo wa simu unamalizika, mkopo wa kuchaji haumaliziki.

Hapo ndipo simu fulani za zamani zina faida ambayo mpya hazina. Zile ambazo unafungua mgongo kwa ukucha na kutoa batri, kama zile Samsung Galaxy J za zamani, unabadilisha batri mwenyewe bila fundi. Ubaya ni kwamba nyingi kati yao Android yake iko chini sana. Zile zilizofungwa kwa gundi zinataka fundi mwenye mkono mzuri. Muulize bei ya batri kabla ya kununua simu, siyo baadaye. Na ukiona mgongo umeinuka, batri imevimba kama andazi, usiibonyeze, usiichaji, usiiweke karibu na mtoto. Inaweza kuwaka moto.

Pale sokoni muwe wagumu. Weka laini yako, piga, upigiwe. Chomeka chaja uone kama inaingia bila kushikiliwa na kidole. Zima, washa. Kisha mwambie anayeuzisha afute simu yote mbele yako na aiwashe upya mpaka mwisho. Ikiuliza neno la siri la akaunti ya Google ya mtu mwingine, ama ya Apple, hiyo simu ina mwenyewe, na mwenyewe pengine anaitafuta. Mtu akisema "fundi ataifungua tu", mpe pole uende. Bonyeza *#06#: itatoka namba ndefu, ifananishe na ile ya kwenye kartoni kama iko. Andikishianeni karatasi, majina, tarehe, namba hiyo, na shahidi. Simu ya wizi ikikamatwa mkononi mwako, maelezo yako hayatasikilizwa sana, na kwa aliyerudi juzi, ambaye bado hajulikani vizuri mtaani, yatasikilizwa kidogo zaidi.

Na anayewaongezea bei kwa kusema "RAM imekwisha lipwa", msimsikilize. Ile kodi ilianza 2020, ikawa inakula unite zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G, dola 1 kwa za 2G. Ilifutwa 2022.

Sasa tuseme neno ambalo vijana hawatalipenda. Katika maombi tuliyosoma, kuna watu ambao hawahitaji Android. Wanataka kupokea feza na kutuma, na kupiga simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinaingia kwa namba za kubonyeza kwenye kitochi, bila mega hata moja. Kitochi kinakaa na chaji siku nyingi, kikianguka unakiokota, na mwizi hakitaki. Mzee ambaye macho yanamsumbua na hana mtu wa kumwandikia kwenye kioo cha kugusa, tusimkopeshe aibu. Mutu asione haya kubaki na kitochi chake.

Lakini tusiseme pia kwamba Android ni anasa. Kuna mama anayeuzisha ndagala ambaye anatumiwa picha ya mzigo kabla ya kutoa feza. Kuna vikundi vya AVEC ambavyo katibu anapiga picha ukurasa wa daftari kila Jumamosi na kuwatumia waliosafiri, na tangu hapo ugomvi wa "nililipa, hukuandika" umepungua. Na kuna sauti. Asiyejua kusoma anabonyeza, anasema, anaachilia, na mtoto wake aliyeko Nyarugusu ama Marekani anamsikia. Kupiga simu ya kawaida nje ya inchi kunakula unite kama moto unavyokula majani makavu. Kwa familia zetu zilizogawanyika, nusu hapa, nusu kambini, nusu wamechukuliwa nchi za mbali (tunajua nusu tatu hazipatikani, lakini familia zetu ndivyo zilivyo), ile sauti ndiyo nyumba.

Na hapa tunataka tukae kidogo, kwa sababu ni jambo linalowagusa waliorudi kuliko wote, na tunaliona kila juma.

Watu walioshuka hapa Baraka kwa meli kutoka Kigoma tangu 2005 wengi walibeba baiskeli na redio. Wanaorudi siku hizi wanabeba simu, na ndani ya simu hiyo WhatsApp iliyoandikishwa kwa namba ya Tanzania. Wanafika hapa, wanaweka laini ya Kongo, wananunua mega, na WhatsApp inaendelea kufanya kazi kama kawaida kwa ile namba ya zamani. Laini yenyewe ya Tanzania imekwisha potea, wengine waliitupa. Hakuna anayejali, kwa sababu kila kitu kinaenda.

Siku simu inakufa, mtu ananunua nyingine. Anaweka WhatsApp. Inamwambia: tumetuma namba za siri kwa simu yako ya Tanzania. Simu ipi? Laini isiyotumiwa muda mrefu kampuni inaweza kumpa mtu mwingine. Kwa hiyo anaanza upya na namba ya Kongo, na watoto wake wanaendelea kutuma sauti kule ambako hakuna anayesikiliza. Tunamjua mama mmoja aliyekaa miezi akidhani mtoto wake amemkasirikia. Mtoto naye huko aliko alidhani mama amekufa.

Kuzuia hili hakuhitaji feza. WhatsApp haishikamani na simu, inashikamana na namba. Leo, wakati simu ya zamani bado inafungua, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, kwenye akaunti, uchague kubadilisha namba. Andika ya zamani, andika ya Kongo. Namba za siri zitatumwa kwa ile ya Kongo iliyo mkononi mwako, wala hutaitaji ile laini iliyopotea. Makundi yako yanabaki, maneno yako yanabaki. Chagua pia wenzako wajulishwe. Baada ya hapo hifadhi mazungumzo kwenye akaunti yako ya Google, siku ukiwa mahali penye waifai, maana yakiwa mengi yanakula mega. Na hiyo akaunti ya Google iwe yako: tumekuta watu wengi ambao akaunti yao ilifunguliwa na kijana wa duka, na neno la siri analijua yeye peke yake. Liandike kwenye daftari, lifiche panapofichwa kadi ya uchaguzi.

Mtu akifanya hivyo, hata simu ya dola 30 ikimfia baada ya miezi 10 hapotezi watu wake. Asipofanya, hata ya dola 200 haitamsaidia.

Kwenu wafadhili, na hasa ninyi watoto wetu mlioko Marekani, Kanada na Australia. Mnauliza kila mara kama mtume simu mlizoacha kutumia. Tunawashukuru, na tunawaambia wazi. Ilifika hapa katoni ya simu kutoka kwa mtu mwenye roho nzuri. Ziliwaka vizuri karibu zote, kisha nyingi zikauliza neno la siri la aliyezitumia zamani, na nyingine zikakataa laini ya Kongo kwa sababu zilifungiwa mtandao wa kule. Zimebaki kabatini. Anayetaka kutuma, aondoe kwanza akaunti yake ya Apple ama ya Google, kisha ndipo afute simu. Akifuta kwa njia nyingine akaunti ikiwa bado imo, simu itaendelea kumdai yeye. Aombe kampuni yake ya mtandao iifungue. Asitume iliyo na Android ama iOS ambayo kwake yeye imekwisha shindwa kupokea mapya, maana iliyomshinda kule haitapona kwa kuvuka bahari. Na kama ni mtu anayesafiri na batri za akiba, azibebe kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege; kwenye sanduku la chini zinakatazwa.

Mkituuliza sisi, mara nyingi ni afadhali mtume feza. Tecno, Itel, Infinix na Samsung mafundi wa hapa wanazijua, na vioo na batri zake vinapatikana bila kungoja Bujumbura ama Kigoma. iPhone ya zamani yenye kioo kilichovunjika hapa inabaki pambo.

Kwa kasha, haya ndiyo tunayoweka mbele ya komite. Mkopo wa simu usiwe mrefu kuliko uhai wa simu: simu ya miezi 10 isilipwe kwa miezi 12, mtu asije akalipa maiti. Mwombaji alete simu yenyewe ama picha ya ukurasa unaoonyesha namba ya Android na nafasi, kabla feza haijatoka. Aseme ni kwa kazi gani, na kama ni M-Pesa tu, tumpe kitochi na kinachobaki kirudi kasha. Vikundi vinavyoomba simu moja ya wote, ya daftari na picha, vipewe nafasi ya kwanza, lakini laini iandikishwe kwa jina la kikundi ama katibu anayejulikana, na akibadilishwa katibu, namba ibaki. Na kila anayepokea mkopo aonyeshe kwamba WhatsApp yake imekwisha hamishwa kwenye namba ya Kongo. Hilo la mwisho wengine wataliona si kazi ya kasha. Sisi tunaliona ndilo la kwanza.

Wazee wameuliza mwanzoni kama simu inazaa. Haizai. Nyavu nazo hazizai, na kasha letu limekopesha nyavu tangu lilipoanza.

Maombi matatu yako mezani yakingoja. Mawili hayana namba ya Android, la tatu ni la iPhone 6. Fundi wa pale karibu na soko amekubali kukaa nasi Jumamosi asubuhi. Walioomba waje na simu wanazozitaka, na wauzishaji wao, zikiwa na chaji.